Ukimtukana Mwenye Kitu, Atakificha

Wajukuu zangu wa Natta, na ninyi wa Ikoma, Isenye, Mugumu na Tarime ambao maneno haya yatawafikia, hadithi ya leo ni ya kweli. Ina mifupa, ina mawe, ina sarafu, na ina wasomi wakubwa waliobishana miaka mingi juu ya kitu kimoja kidogo kinachoweza kutoshea kiganjani.

Nimeichagua kwa sababu ninaona mnavyobishana. Mtu analeta picha kwenye simu: mara jiwe lenye sura ya binadamu, mara sarafu ya Mjerumani, mara fuvu kubwa linalodaiwa kuwa la jitu. Mmoja anasema, "Hiki ni cha kale kabisa." Mwingine anajibu, "Tapeli wewe." Kuanzia hapo kile kitu hakizungumziwi tena. Kinachozungumziwa ni ukoo wa mtu, shule aliyosoma na deni la mama yake dukani.

Babu yenu ana jambo moja tu la kuwaambia leo, nalo ni hili: aliyeshika kitu ndiye aliyeshika ushahidi. Ukimtukana, atakificha, na kikishafichwa hakuna atakayejua ukweli wake, wewe wala yeye. Lakini pia ukikitukuza kitu hadi watu waogope kukigusa, ukweli wake utabaki gizani vilevile. Kwa hiyo mtu apewe heshima, kitu kipewe maswali. Sikilizeni jinsi nilivyolijua hilo kutokana na yaliyotokea hapa kwetu.

Mifupa ya Oldupai

Ukitoka Natta ukaelekea kusini-mashariki, ukaivuka Serengeti yote hadi upande wa pili, utafika kwenye korongo la Oldupai, ambalo vitabu vingi huliandika Olduvai. Maji yameichana ardhi pale kwa muda mrefu mno, hata kingo za korongo zimebaki wazi, zikionyesha matabaka ya udongo yaliyolaliana. La chini ni la zamani zaidi, la juu ni la karibuni. Wataalamu wa miamba wameyapa namba. Tabaka la Kwanza liko chini kabisa, la Pili liko juu yake, na la Tatu ni jekundu, linaonekana kutoka mbali.

Mwaka 1913, nchi hii ikiwa chini ya Wajerumani, mwanajiolojia Hans Reck alikuja Oldupai kutoka Berlin kukusanya mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Katika kazi hiyo, ndani ya Tabaka la Pili, ikaonekana mifupa ya mtu. Haikuwa kipande cha taya wala jino moja, ilikuwa mifupa ya mtu mzima, amelala amekunja magoti. Reck alichunguza udongo uliomzunguka, hakuona dalili ya kaburi. Akatangaza kuwa mtu huyu aliishi pamoja na wale wanyama wa kale. Ulaya ikashangaa, kwa sababu fuvu lenyewe lilifanana na la mtu wa leo.

Sasa fikirini. Mtu akifariki hapa Natta, tunachimba kaburi na kumlaza chini, kwenye udongo uliokuwepo kabla ya babu wa babu zetu. Akija mgeni baada ya miaka elfu moja, akaikuta mifupa ndani ya udongo ule wa zamani na asione mipaka ya kaburi, atasema marehemu ni wa enzi za udongo ule. Atakuwa amekosea, lakini hakumdanganya mtu.

Shikeni hapo. Watoto wengi, na watu wazima pia, wakiona kitu cha kale wanadhani majibu ni mawili: ama ni kweli, ama ni uongo. Kuna jibu la tatu. Kitu kinaweza kuwa halisi, mwenye kukileta akawa mkweli, na bado maelezo yake yakawa na kasoro. Anayesahau jibu hilo la tatu atawaita watu waongo maisha yake yote, na mara nyingi atakuwa anawaonea.

Dau la pauni kumi

Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Wajerumani wakaondoka, na Reck hakuweza kurudi upesi. Katika miaka hiyo alitokea kijana aliyezaliwa Kabete, Kenya, jina lake Louis Leakey. Leakey alikuwa na mashaka juu ya mifupa ile, na hakuyaficha. Lakini tazameni alivyofanya. Alisafiri hadi Ujerumani, akamtafuta Reck, akaomba kuona mifupa na mawe yaliyoletwa kutoka Oldupai. Reck naye hakumfungia mlango kijana aliyemtilia shaka. Alimwonyesha.

Katika mazungumzo yao wakatofautiana juu ya jambo jingine. Reck alisema Oldupai hakuna zana za mawe, kwa kuwa alizitafuta asizione. Leakey akasema zipo. Wakawekeana dau la pauni kumi: Leakey akifika Oldupai, atapata zana ndani ya saa 24. Mwaka 1931 wakaenda pamoja, mkubwa na mdogo, na saa 24 hazijaisha Leakey akawa ameshika shoka la mkono la jiwe. Reck alikuwa ametafuta zana za gumegume, kama zile za Ulaya. Watu wa kale wa Oldupai walichonga mawe mengine, yakiwemo ya volkano. Macho yake yalikuwa mazuri, lakini yalikuwa yanatafuta kitu kisichokuwepo. Akalipa dau, na kazi ikaendelea.

Kuhusu mifupa, mambo yaligeuka. Safari hii Reck ndiye aliyemshawishi Leakey. Walipoangalia eneo pamoja, wakakubaliana kwamba mifupa ni ya Tabaka la Pili kweli, wakatangaza hivyo katika jarida la sayansi la Nature. Wasomi wengine Uingereza hawakuridhika. Mmoja wao alikuwa mwanajiolojia P. G. H. Boswell, mtu mkali wa hoja. Wajukuu, hapa ndipo ubishi ungeweza kuharibika. Boswell angeweza kusema Reck na Leakey wanatafuta sifa. Wao wangeweza kusema Boswell hajawahi kuikanyaga Oldupai.

Badala yake ukaulizwa udongo. Fuvu lilikuwa Munich, na udongo uliogandamana na mifupa ulikuwa haujaondolewa wote. Sampuli yake ikapelekwa kupimwa, ikalinganishwa na udongo wa kila tabaka la Oldupai. Ndani yake zikapatikana chembe nyekundu zinazofanana na za Tabaka la Tatu, na vipande vya chokaa vinavyofanana na vya tabaka la juu kabisa, ambalo wakati huo waliliita la Tano. Mtu aliyefukiwa enzi za Tabaka la Pili angepata wapi udongo wa matabaka yaliyokuja baadaye sana? Hilo lilikuwa kaburi. Alizikwa nyakati za karibuni zaidi, shimo lake likapenya hadi kwenye udongo wa kale.

Mwaka 1933 barua ikatoka katika jarida lile lile kueleza hayo. Waliotia sahihi walikuwa watano: Leakey, Reck, Boswell, na wenzao Hopwood na Solomon. Wasomeni tena. Mwenye mifupa, mtetezi wake, na mpinzani wao mkali, wote kwenye karatasi moja. Reck alikuwa ameusimamia msimamo wake miaka 20. Hakuna aliyemwita mghushi, kwa hiyo aliweza kusogea bila kuvunjika.

Taya la Kanam

Sasa sikilizeni upande mwingine, maana watu ni walewale na mwisho wake ulikuwa tofauti.

Ukivuka mpaka pale Sirari, ukapita Migori na kushuka hadi ziwani Victoria, upande wa Homa Bay, utafika Kanam. Machi 1932, Juma Gitau, mmoja wa Waafrika waliofanya kazi na Leakey, alipata hapo kipande cha taya la mtu. Mkumbukeni jina lake, kwa sababu visukuku vingi vya Afrika Mashariki vilionwa kwanza na macho ya watu kama yeye. Leakey aliamini taya hilo ni la kale mno, akalipa hata jina la kisayansi. Mwanzoni wasomi walimkubalia. Mwaka 1933 walikutana Cambridge kulijadili, na mkutano ukaupokea ushahidi wake.

Boswell akataka kuona mahali penyewe. Leakey akamkaribisha, na Boswell akasafiri hadi Kanam. Hadi hapo adabu ilikuwepo kwa pande zote. Kilichokosekana kilikuwa kumbukumbu. Vigingi vya chuma alivyopigilia Leakey kuonyesha mahali lilipopatikana taya vilikuwa vimeng'olewa, havionekani. Hapakuwa na ramani ya kutosha. Picha moja iliyokuwa imeonyeshwa London kama ya Kanam ikabainika kuwa ya mahali pengine. Leakey alitembea huku na huko, hakuweza kumwonyesha mgeni wake sehemu halisi.

Machi 1935 Boswell akaandika katika Nature kwamba mahali pa ugunduzi hapajulikani kwa hakika na kwa hiyo ushahidi hauwezi kutegemewa. Leakey alikuwa bado porini, na majibu yake yalichapishwa mwaka uliofuata. Jina lake liliumia vibaya, na nafasi aliyoitazamia katika vyuo vya Uingereza ikawa ngumu kupatikana. Wataalamu wa baadaye walilichunguza taya lile na wengi wakaona si la kale kama alivyodai.

Hakuna aliyeghushi kitu Kanam. Boswell alikuwa na haki ya kuuliza, na swali lake lilikuwa sahihi kabisa: onyesha lilipotoka. Lakini kumbukeni pia kwamba Leakey yule yule, pamoja na mkewe Mary, hawakuiacha kazi. Julai 1959 Mary aliona Oldupai fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, na safari hii mahali pake palichimbwa kwa uangalifu, pakachorwa na kupigwa picha. Fuvu hilo leo ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kama dunia ingeamua mwaka 1935 kwamba aliyekosea mara moja asisikilizwe tena, tungepoteza mengi.

Uongo uliokaa miaka arobaini

Mtaniuliza, "Babu, je, waghushi hawapo?" Wapo. Na ninawaambia habari zao ili msidhani adabu ni kukubali kila kitu.

Desemba 1912, mwaka mmoja kabla ya Reck kufika Oldupai, huko Uingereza mwanasheria Charles Dawson na mtaalamu wa makumbusho Arthur Smith Woodward walitangaza mabaki ya mtu wa kale kutoka kijiji cha Piltdown. Fuvu lilikuwa kubwa kama la mtu, taya lilikuwa la kinyani. Wakubwa wengi wa sayansi Uingereza walifurahi, kwa sababu walitaka mtu wa kwanza awe mwenye ubongo mkubwa, na awe wa kwao.

Kwa miaka mingi watafiti waliokwenda kuliona walionyeshwa zaidi nakala za plasta, na vipande halisi vikabaki vimefungiwa. Kitu kilitukuzwa hadi kikakosa kuulizwa. Mwaka 1949 Kenneth Oakley alipima florini ndani ya mifupa. Mifupa ikilala ardhini hunyonya florini kutoka kwenye maji, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa nayo. Ya Piltdown ilikuwa na kidogo mno. Mwaka 1953 Oakley, Joseph Weiner na Wilfrid Le Gros Clark wakaeleza ukweli wote: fuvu ni la binadamu, taya ni la orangutani, meno yamepigwa tupa yafanane na ya mtu, na vyote vimepakwa rangi vionekane vya kale. Dawson alikuwa amekwisha kufa tangu 1916. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba huenda yeye peke yake ndiye aliyefanya hila ile.

Uongo huo ulimgharimu nani? Uliigharimu Afrika. Mwaka 1925 Raymond Dart alitangaza fuvu la mtoto kutoka Taung, Afrika Kusini, lenye ubongo mdogo na meno yanayokaribia ya binadamu. Lilikuwa halisi, lakini halikufanana na Piltdown, na kwa miaka mingi wakubwa wa Uingereza wakalipuuza. Kitu bandia kilichoheshimiwa kupita kiasi kilikifungia mlango kitu cha kweli.

Hadithi nyingine ni ya karibuni. Profesa Reiner Protsch wa Chuo Kikuu cha Frankfurt alisifika kwa kupima umri wa mifupa ya kale. Watafiti wawili, Thomas Terberger na Martin Street, wakahisi tarehe zake hazipatani na mambo mengine. Hawakuanza kwa kumpigia kelele. Walipeleka vipande vya mifupa ileile Oxford vipimwe upya. Fuvu la Hahnöfersand, alilolipa miaka 36,000, likawa na miaka 7,500 hivi. La Paderborn-Sande, alilolipa miaka 27,400, likawa la mtu aliyefariki yapata miaka 250 iliyopita. Mwaka 2005 tume ya chuo chake ikathibitisha kwamba alighushi matokeo kwa miaka mingi, naye akalazimika kustaafu.

Na hapa, wajukuu, hadithi inatugusa. Huyo huyo Protsch ndiye aliyechapisha, mwaka 1974, umri unaotajwa sana wa yule mtu wa Reck kutoka Oldupai: miaka takriban 17,000. Sisemi tarehe hiyo ni ya uongo. Ninasema kwamba tarehe iliyotoka mikono hiyo inastahili kupimwa tena na mikono mingine. Cheo cha mtu hakipimi mfupa. Na waliomfichua walifanya hivyo kwa vipimo ambavyo mtu yeyote angeweza kuvirudia.

Nyayo za dubu ambazo hazikuwa za dubu

Hadithi ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu ina jibu lililobadilika bila mtu kudhalilishwa.

Kusini mwa Oldupai kuna Laetoli, mahali ambapo watu wa kale walitembea juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, majivu yakaganda, na nyayo zikabaki tangu miaka milioni 3.66 iliyopita. Zile maarufu zaidi zilipatikana mwaka 1978. Lakini mwaka 1976, katika sehemu nyingine ya Laetoli, zilikuwa zimeonekana nyayo tano za ajabu, pana, zilizopishana kama za mtu anayevuka mguu mmoja mbele ya mwingine. Mtaalamu Russell Tuttle akatoa wazo kwamba huenda ni za dubu mdogo aliyesimama kwa miguu miwili. Wazo hilo likaenea, nyayo zikafunikwa na udongo, watu wakazisahau.

Miaka zaidi ya 40 baadaye, watafiti wakiwemo Ellison McNutt, Jeremy DeSilva na Mtanzania mwenzetu Charles Musiba waliamua kuzifukua tena, mwaka 2019. Hawakulicheka wazo la dubu. Walilichukua kwa uzito kabisa. Huko Marekani walikwenda kwenye kituo kinachotunza watoto wa dubu, wakawatembeza kwenye matope na kupima nyayo zao. Wakatazama zaidi ya saa 50 za video za dubu wa porini, wakakuta kwamba muda wanaotembea kwa miguu miwili bila kujishika haufiki asilimia 1. Wakalinganisha na sokwe na binadamu. Mwishoni mwa 2021 wakachapisha matokeo katika Nature: nyayo zile ni za aina ya mtu wa kale, na yaelekea si yule yule aliyeacha nyayo za 1978.

Mnaona walivyofanya? Walichukua hoja ya mwenzao, wakaipa nguvu zote inazoweza kuwa nazo, kisha wakaipima. Hivyo ndivyo mtu mstaarabu anavyopinga. Ukiishinda hoja ya mwenzio ikiwa dhaifu, hujashinda kitu. Ishinde ikiwa imesimama vizuri.

Turudi nyumbani

Natta haina makumbusho, lakini vitu vya kale tunavyo, na ubishi tunao. Tuanze na rupia. Katika siku zake za mwisho, Mjerumani alitengeneza sarafu Tabora, mwaka 1916, kwenye karakana ya reli. Kulikuwa na za shaba na shaba nyeupe, na kulikuwa na za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Za dhahabu zilitengenezwa takriban 16,000 tu. Kwa kuwa ni adimu na zinapendwa, watu wamezighushi sana, na matapeli huzunguka vijijini na hadithi za rupia na hazina iliyofukiwa na Mjerumani. Hapa karibu na ngome ya Mjerumani ya Ikoma hadithi hizo zina masikio mengi.

Kijana mwenzio akikuonyesha rupia ya tembo, usianze na neno "feki". Huenda aliipata kwa marehemu babu yake, na neno hilo linamwangukia babu yake pia. Muombe muipime uzito: ya dhahabu halisi ina gramu 7 na ushei. Ijaribuni kwa sumaku, kwa sababu dhahabu haivutwi. Itazameni kwa kioo cha kukuzia, mwone kama maandishi ni makali au yamelegea kama ya kitu kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Mkiona dosari mtaiona wote wawili, na hapo hakuna haja ya mtu kumshinda mtu. Lakini anayekutaka utoe fedha kwanza, au akukataze kumwonyesha mtu mwingine, huyo muage kwa upole na uondoke na fedha zako.

Kuna vitu vingine ambavyo haviendi kwenye mizani. Majirani zetu Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu wanazoziheshimu sana. Kitu cha namna hiyo kina wenyewe, na maswali yake huulizwa kwa wazee wake, kwa ruhusa na kwa utaratibu wao. Adabu ni pamoja na kujua kwamba si kila kitu cha kale ni chako kukigeuza-geuza.

Na kuna masimulizi. Sisi Wanatta tunasimuliwa habari za Nyamunywa mwindaji na Nyasigonko mkulima, wazazi wetu wa mwanzo. Mzee mmoja atasimulia hivi, mzee wa ukoo mwingine atasimulia vile. Msiseme mmoja anadanganya. Muulizeni kila mmoja: "Babu, wewe ulisikia kwa nani? Yeye alikuwa rika gani?" Katikati ya miaka ya 1990 mwanahistoria Jan Bender Shetler kutoka Marekani aliwauliza wazee wa Mara maswali ya namna hiyo, na mwaka 2003 akatoa kitabu cha historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Masimulizi yaliyotofautiana hayakumkwamisha. Katika tofauti zile kulikuwa na habari za koo, safari na mapatano ambazo simulizi moja peke yake lisingezibeba.

Mkikuta wenyewe kitu ardhini, iwe jiwe lililochongwa, kigae au mfupa uliogeuka jiwe, msikichimbue. Kanam imetufundisha kwamba kitu kilichong'olewa mahali pake kimepoteza nusu ya maneno yake. Pigeni picha kikiwa pale pale, wekeni kalamu au rula kando yake ili ukubwa uonekane, andikeni mahali na tarehe, kisha mwambieni mwalimu au ofisi ya kijiji ili habari ifike Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka ugunduzi utolewe taarifa, na hairuhusu mtu kuchimba bila kibali.

Na mnapobishana, haya ndiyo maswali ya kwenda nayo. Kilipatikana wapi, na nani alikuwepo? Kimepita mikono ya nani tangu siku hiyo? Kimepimwa kwa njia gani, na je, mtu mwingine akikipima atapata jibu lile lile? Je, kinaweza kuwa halisi lakini maelezo yake yakawa na kasoro? Nani atafaidika tukikiamini?

Swali la mwisho kila mmoja ajiulize mwenyewe kabla ya kufungua kinywa: ni jambo gani nikionyeshwa nitabadili mawazo? Kama Reck angekosa jibu la swali hilo, jina lake lisingekuwepo kwenye barua ya 1933. Mwenye jibu, abishane hadi usiku. Asiye nalo, asubiri kwanza, awasikilize wenzake, na asimwite mtu yeyote mwongo.